Televisheni Isiyo na Antena

Marahaba, Shabani.

Najua ungeanza na shikamoo. Hata nilipokuwa nakukuta umebana bisibisi mdomoni na mikono imejaa waya, ulikuwa unaitoa kwanza bisibisi, unaniamkia, halafu unairudisha. Kwa hiyo naitikia kabisa hapa juu, tusije tukadaiana adabu.

Mimi mjomba wako nipo, mzima wa mwili. Ningekuja kuongea nawe kule kule makaburini kama afanyavyo mama yako kila Ijumaa, lakini pale mimi sikai. Ile mikaratusi ya pembeni imerefuka mno, na mti mrefu unaita radi. Ijumaa iliyopita nilisoma fatiha nimechuchumaa, na amina nikaisemea njiani nimeshaanza kuteremka. Mama yako akaniuliza, "Kaka, nani anakufukuza?" Nikamwambia nimeacha maji jikoni. Ndiyo maana nakuandikia. Darasa la tano nililoishia linatosha kwa kazi hii, na mwandiko wangu unaujua, ulisema kuku akipita kwenye majivu anaandika vizuri zaidi.

Nina habari ya televisheni. Subiri, usinitolee macho. Nisikilize mpaka mwisho.

Wewe hukuona yaliyofuata. Ulipanda juu ya paa la watu kule Irente kugeuza antena yao, mvua bado haijanyesha, upande wa Magamba tu ndio uliokuwa mweusi kama sufuria ya kuni, na radi ikatoka huko huko mbali ikakukuta umeshika bomba la antena. Moja tu. Haikurudia. Nilipofika, kuku wa ile nyumba walikuwa wanaendelea kuparua chini ya ngazi kama hakuna kitu. Ningependa kukuambia nilikubeba peke yangu mabegani mpaka nyumbani, na watu wa sokoni nimeshawaambia hivyo, lakini wewe ulikuwepo. Tulikuwa wengi. Mimi nilishika upande wa kichwa.

Siku ile ile, kabla maji ya kukuosha hayajachemka, mama yako aliibeba televisheni yenu akaitoa nje. Mama yako, Mwanaidi yule yule ambaye ndoo ya maji inamshinda, alikumbatia lile chogo akatoka nalo mpaka barabarani, akampa mtu wa kwanza aliyepita, mtu wa kabichi, hatumjui. "Chukua," akamwambia, "na usinishukuru." Tangu hapo katika ukoo wetu neno televisheni linasemwa kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja nyoka akiwa ndani ya nyumba. Mkeo Asha amekaa eda, mle ndani hata redio haisikiki. Wapo wanaosema radi ile ilitumwa, kwamba kuna mtu wa mabondeni aliionea wivu kazi yako. Wapo wanaosema ni chuma tu ulichoshika. Mimi sijui. Naziogopa zote mbili, ya kutumwa na ya kujiendea.

Anga likinguruma siku hizi, kwetu ni mbio. Kioo cha ukutani kinafunikwa kanga, sufuria zinaingizwa chini ya kitanda, aliyevaa nyekundu anavua, watu wanakaa sakafuni wamekunja miguu, kimya. Hayo tuliyafanya tangu utotoni, lakini zamani tulikuwa tunacheka cheka. Sasa hakuna anayecheka.

Mashine zako za gemu hazikutupwa, kwa sababu hakuna aliyezijua ni nini. Zilibaki kwenye boksi chini ya kitanda: ile nyeupe na nyekundu uliyoinunua Tanga kwa mabaharia, ya Kijapani, na ile nyeusi yenye mfuniko uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Na kaseti zake, kwenye kopo. Unakumbuka nilivyokuwa nakusema. Tangu mambo yawe ruksa kila kitu kimeingia nchi hii, vijana wenzako wanacheza gemu za sahani, zile zinazong'aa, na wewe umeshikilia za kaseti kama mzee aliyesahau kutoka kwenye foleni ya sukari. Ukanijibu, "Mjomba, hizi hazizeeki, zinalala tu. Ukizipuliza zinaamka." Ukapuliza kaseti, fuu, ukaichomeka, na kweli ikaamka. Mimi nikasema hata mimi nikipulizwa naamka. Tukacheka, na binti yako Rehema akacheka katikati yetu, pedi mkononi, hataki kuangalia pembeni asije akafa kwenye gemu.

Sasa shida ni huyo Rehema.

Siku moja ya gulio nilikuwa nimeshauza karoti zangu, napita kando ya stendi, na kule juu kumeanza kuwa kweusi. Nikasikia ule wimbo wa gemu yako. Ule wa tiriri tiriri unaorudia rudia mpaka mtu anauota. Unatoka kwenye banda la video. Nikasimama. Unalijua banda lile, na unaijua antena yake: mwanzi juu ya mwanzi, umefungwa waya wa seng'enge, mrefu kupita mnara wa msikiti, na hapo siongezi chumvi nyingi. Nikachungulia. Mwanao yuko peke yake kwenye benchi, na sare za shule, mashine imewekwa juu ya kreti la soda, waya umeingia kwenye televisheni, televisheni imeungana na mwanzi, na mwanzi umeungana na mbingu.

Mwenye banda akaniambia, "Mzee, usinitazame hivyo. Mtoto hasumbui, anawahi kabla ya wateja. Baba yake alinitengenezea hii TV, leo nimfukuze?"

Ngurumo ikapita juu ya bati. Nikamwita, "Rehema, twende."

Akasema bila kugeuka, "Babu, subiri nife kwanza. Nimebakiza mtu mmoja."

Shabani, lile neno lilinipita mgongoni kama maji baridi ya maporomoko ya Mkuzi. Najua ni maneno ya gemu. Wewe mwenyewe ulikuwa unayasema kutwa. Lakini nilimnyanyua mtoto na begi lake na mashine yake nikatoka naye mbio, waya unaburuzika nyuma yetu, watu wa stendi wanauliza mzee ameiba nini.

Nikamkataza. Akasema, "Sawa, babu." Ananiita babu, mimi na meno yangu yote. Kesho yake akaenda tena. Nikamkataza kwa ukali, akasema sawa, akaenda. Nikamuuliza kwa upole, akaniambia ngome ya mwisho ya gemu bado, na baba yake alisema wataimaliza kabla ya Ramadhani. Basi. Nikimwambia Asha, aliye edani na machozi yake, nitamwongezea. Nikimwambia mama yako, atazitia mashine kwenye moto. Kumchapa siwezi, yatima hachapwi kwetu. Na mawingu yanakuja kila alasiri, na mtoto yuko chini ya ule mwanzi.

Ndipo nikawaza, na ujue kwamba kuwaza ninaweza nikitaka. Nikakumbuka: gemu haihitaji antena. Haitafuti picha hewani, picha iko ndani ya kaseti. Antena ndiyo inayoshika radi. Basi televisheni ikae kwangu, mimi ambaye nyumba yangu haina mtu tangu yule mwanamke wa Bumbuli arudi kwao, bila bomba, bila mwanzi, bila waya wa kwenda juu. Mtoto acheze mbele ya macho yangu. Niliwaza hivyo kwa ujasiri mkubwa mpaka nilipofika kwenye kuinunua.

Kwa sababu ulinifundisha, ila akili yangu haikuwepo. Nilikuwa nakaa kwenye kile kigoda chako sokoni, nakunywa chai yako, na wewe unachomelea waya kwa risasi ya kuyeyusha huku unasema, "Mjomba, TV ya gemu siyo ya taarifa ya habari. Watu wanachagua kwa sura. Wewe iangalie mgongoni kwanza." Ukaendelea na mengine mengi, na mimi wakati ule nilikuwa katikati ya habari ya chui wa Shume, niliyemshika masikio. Ya chui ulishayasikia mara nyingi. Ya mgongoni ndiyo yaliyonipita.

Nikashuka Tanga. Duka limepangwa televisheni ukuta mzima, zote zinaongea. Nikachagua kubwa kuliko zote, ya rangi ya fedha, kioo bapa, spika zimetoka pembeni kama masikio. Mwenye duka akawasha, akatokea msomaji wa habari, unamwona mpaka jasho la pua. Nikamwambia mwenye duka mimi nina mashamba ya chai Kwamkoro, nataka kitu cha kufanana na mimi. Akaniita mzee wa chai, akaniletea kiti. Wewe ungekuwepo ungenivuta shati.

Ilipofika nyumbani majirani wakaja, lakini wakasimama mbali, mlangoni hakuna aliyekanyaga. Rehema akachomeka waya. Picha ikaja nyeusi na nyeupe, ikaanza kupanda juu, inapanda, inapanda, kama uji unaofurika. Yule mtu wa gemu miguu yake iko juu, kichwa kiko chini. Mzee Kiluwa akasema kutoka uani, "Ndugu yangu, umenunua televisheni au kinu?" Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikaona si haba. Rehema akaizunguka, akaitazama, akasema, "Babu, hii haijui Kijapani."

Hapo hapo maneno yako yakanirudia, yamechelewa kama basi la Mlalo. Kwamba mashine ya Japani inatuma picha kwa namna yake, na televisheni nyingi za huku zimefundishwa namna nyingine, na lazima utafute iliyofundishwa zote mbili. Na nitakuambia kitu, nusu ya moyo wangu ilifurahi. Nikasema basi, imekataa, nimejaribu, Mungu hakupenda. Lakini kesho yake mtoto akaweka mashine kwenye begi la shule.

Nikairudisha Tanga. Mwenye duka akakataa, nikakaa mlangoni kwake nimejifunika kanzu mpaka wateja wakaanza kuuliza kuna msiba gani hapa, akakubali.

Kisha nikasikia Magoma kuna kijana anauza zilizotumika, zinatoka Dubai, anaziwasha kwa jenereta. Safari hii nilimchukua Rehema, na mashine, na kile kitransfoma chako ulichokitengeneza, maana mashine ya Japani ukiipa umeme wetu mtupu inakufa papo hapo, hilo nililisikia. Tukashuka. Yule kijana akaanza, "Mzee shikamoo, ya kuangalia mpira ipo hii, kioo kama..."

Nikamwambia, "Geuza."

"Nini?"

"Nionyeshe mgongo."

Akawaambia wenzake, "Huyu mzee ananunua ng'ombe." Lakini akageuza. Nikatafuta matundu matatu, la njano, jeupe na jekundu, kwa sababu mashine yako uliitoboa ukaitia la njano na jeupe, hilo Rehema alinionyesha. Ya kwanza haina tundu hata moja. Ya pili inayo, lakini skrubu za mgongoni hazifanani, na wewe ulisema ikiwa na skrubu za mchanganyiko imeshapasuliwa na mtu na hujui alichokata. Ya tatu inanuka kama nywele zilizoungua. Zote nilizitazama kwa mbali, nimenyoosha shingo, mikono nimeifunga nyuma. Kijana akadhani ni maringo. Si maringo. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba televisheni hata ikizimwa, hata ikichomolewa, ndani ya lile chogo kuna umeme umelala, na unaweza kumpiga mtu asiye na habari. Tangu uliponiambia hivyo sijawahi kugusa mgongo wa televisheni yoyote, na sasa mimi ndiye ninayechagua.

Ya fedha, bapa, ilikuwepo pia. Tukaiunga, rangi ikaja, picha ikatulia, nikasema alhamdulillahi, twende. Rehema akabonyeza bonyeza, akaweka pedi chini. "Babu, hii nabonyeza leo, anaruka kesho."

Kijana akasema anaona sawa tu. Rehema akamwambia, "Kwa sababu wewe huchezi."

Tukaiunga moja ndogo, kahawia, mbao za uongo pembeni, kioo kimefura kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Aibu ya kitu. Nisingeiangalia mara mbili. Jenereta inatetemeka, picha inatetemeka nayo, lakini rangi ikaja, na yule mtu akasimama kichwa juu miguu chini. Rehema akabonyeza. Akaruka. Akabonyeza tena, akaruka hapo hapo, kama kidole chake na mguu wa yule mtu vimeungana mshipa. Mtoto akaweka pedi magotini. Alinitazama tu, na macho ni yako, na nikashindwa kumtazama.

Kijana akauliza kwa utani, "Huyu anafanya kazi wapi?"

"Ni fundi," nikamwambia. "Mtoto wa fundi." Nilitaka kuongeza habari zako, jinsi ulivyokuwa unatengenezea watu mpaka wa Korogwe, na kwamba uliwahi kutengeneza redio kwa kijiko. Badala yake nikaanza kuhesabu pesa.

Kutoka Mombo tulipanda na lori la mizigo tupu. Nilipakata televisheni magotini, kioo kimegeukia tumbo langu, kwa sababu uliniambia ikidondoka kioo kinalipukia ndani kwanza halafu nje. Nikasema likilipuka linikute mimi, Rehema nimemweka upande wa pili. Unazijua zile kona za kabla ya Soni. Chini korongo, maji yanapiga kelele, dereva anaongea na utingo amegeuza kichwa. Mimi nimeshika kitu ambacho kikidondoka kinalipuka na kikifika salama kinaweza kuua. Nimemshika chui masikio, haya, wewe ulisema alikuwa kimburu, paka pori tu, lakini hata huyo kimburu hakunitoa jasho lile.

Mama yako alikuwa anatungoja uani. Aliona lile chogo akajua. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Akasema, "Kaka, umeniletea jeneza jingine?"

Nikamwambia haina antena. Nikamweleza yote, bomba, hewa, kaseti. Nikajipiga kifua, nikasema mimi nipo, hakuna radi inayonijua mimi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akasema, "Huyu ndiye aliyebaki. Ukiniulia huyu, sitakuwa na pa kulia." Akaingia ndani kwa Asha.

Basi tukaiweka juu ya kasha la marehemu bibi yako, sauti chini kabisa kwa heshima ya eda. Rehema akawa anapiga hodi kila akitoka shule, ananiamkia, anapuliza kaseti, anacheza. Kule bandani hakwenda tena. Siku moja Asha aliniita ukutani, tukaongea bila kuonana. Akaniuliza, "Mjomba, ile ni ile ya ngome?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Nilikuwa namgombeza marehemu kwa kelele zile. Ongeza kidogo sauti." Nikaongeza kidogo.

Nikaanza kupata usingizi. Hapo ndipo nilipokosea, kupata usingizi.

Ilikuja alasiri, jua bado linawaka upande wa Irente. Sikusikia ngurumo ya kwanza kwa sababu nilikuwa nasimulia, namweleza Rehema jinsi nilivyobeba jiwe la mashine ya kusaga kutoka Mombo mpaka huku kwa miguu. Ya pili ikatikisa sahani. Chumba kikaingia giza, ikabaki ile rangi ya kioo usoni kwake. Na nikaona waya, Shabani. Kutoka ukutani kwenda kwenye televisheni, kutoka kwenye televisheni kwenda kwenye mashine, kutoka kwenye mashine kwenda kwenye pedi, na pedi iko kwenye vidole vyake. Wakati wote huo nilikuwa natazama juu, nakagua paa, najisifu kwamba halina bomba. Umeme unakuja nyumbani kwa nguzo. Nguzo imesimama nje, ndefu, na waya umeingia ndani kwangu mpaka kwenye mkono wa mtoto.

Nikafanya tulichozoea kufanya. Kioo hufunikwa. Nilinyakua blanketi nikaifunika televisheni, juu, mbele, nyuma, nikaona haitoshi, nikaongeza na koti. Inawaka, nimeifunika inawaka.

"Babu, sioni," akasema.

"Kaa chini. Kunja miguu."

"Babu, ifunue. Itaungua."

Umeme ukamulika dirisha lote. Na kweli harufu ikaanza, ile ile ya nywele ya Magoma, na moshi mwembamba ukatoka kwenye mkunjo wa blanketi. "Chomoa, babu," akasema, "baba huwa anachomoa." Nikaitazama ile plagi ukutani. Iko pale, hatua chache. Nilikuambia mara ngapi kwamba mikono hii haijawahi kukataa kazi. Ilikataa. Niliiamuru ikabaki mapajani kwangu kama ya mtu mwingine. Nilikuwa nakuona wewe na bomba. Nilikuwa nasikia wale kuku wanaparua.

Na mwanao akaweka pedi chini, akainuka kwenda ukutani.

Sijui nilivyofika. Najua nilimpiga kumbo akaanguka kitandani, na nilishika ile plagi kwa mkono mtupu, nikaing'oa na kipande cha soketi, na anga likapasuka wakati huo huo, nikasema nimekufa. Sikufa. Ilipiga mbali, upande wa Soni huko. Nikafunua blanketi, limeungua duara la kahawia. Nikakaa sakafuni na plagi mkononi, meno yanagongana, mvua inapiga bati hata mtu hasikii.

Rehema akashuka kitandani akakaa karibu yangu. Akaniambia sikioni, kwa ajili ya mvua, "Babu, unaogopa?"

Nimeulizwa swali hilo na watu wengi katika maisha yangu, na kila mmoja nilimjibu kwa hadithi. Nikamwambia, "Naogopa."

"Mimi pia," akasema. "Tangu baba. Hata kule bandani nilikuwa naogopa."

Nikamuuliza mbona hakusema.

Akasema, "Nilidhani wewe huogopi. Nikaona utanicheka."

Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapungua, amenishika mkono wenye plagi, na alikuwa analia, analia kama alivyopaswa kulia siku ile tuliyokuleta, siku ambayo mimi nilikuwa uani nasimulia watu jinsi nilivyokubeba peke yangu.

Televisheni ni nzima. Wewe ungejua kwa nini, mimi nasema ni ubishi wake tu. Nimemwita fundi wa mjini akarudisha soketi, ameiweka chini, karibu na kigoda changu. Kitambaa juu ya televisheni ni marufuku, hata kile cha kufuma alichokileta Mama Kiluwa. Wingu likionekana, kabla ya ngurumo, inachomolewa, na mashine inafunguliwa waya, na pedi inawekwa mezani. Rehema ananuna. Anune. Mama yako bado haingii chumbani kwangu, lakini siku hizi anasimama kizingitini anauliza, "Mmechomoa?" Nikisema ndiyo, anatazama kwanza mwenyewe. Juzi aliuliza yule kijitu anakimbia nini.

Nacheza na mimi, ujue. Nafika mbali sana, watoto wa mtaa wanashangaa. Rehema anasema nafia kwenye shimo la kwanza, usimsikilize.

Ila hofu haijaondoka, mpwa wangu. Nilidhani ikisemwa itatoka. Imekaa tu mahali ninapoiona. Nikisikia lori likinguruma barabarani nashika waya. Nikiona mtoto wa mtu juu ya paa natoka uani namwita ashuke, hata simjui. Nimekuwa mtu wa kutazama juu.

Nikuage sasa, maana kule juu mawingu yameanza kufunga na Rehema atakuwa ameshatoka shule. Mungu akulaze pema, mwanangu, mahali pasipo na paa wala ngazi. Siwezi kukuahidi kwamba radi haitakuja, watu wa milima hii hatuna ahadi hiyo. Ninachokuahidi ni kwamba siku zote mtoto wako akiwa mbele ya kile kioo, mkono utakaokwenda ukutani ni wangu, uwe unatetemeka au hautetemeki.

Naweka kalamu chini. Naogopa, na nakwenda kuchomoa.

Mjomba wako.